Shemeji Vigae na Kitambaa cha Miwani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini hakuna anayelitumia. Anaitwa Vigae. Jina hilo nilimpa mimi na sijutii hata kidogo. Siku aliporudi nyumbani na meno mapya nilikuwa kwao, nimemkalisha dada kwenye kigoda namsuka. Bwana mkubwa akaingia, akasimama katikati ya mlango, akachanua mdomo. Nikamwambia, "Jamani shemeji, umepita bafuni kwa nani ukabandua vigae?" Dada akanifinya paja ninyamaze. Amechelewa. Kesho yake saluni nzima ilikuwa inalijua hilo jina, na kwenye saluni yangu jina likishatoka halirudi.

Kazi yake ni ushereheshaji. Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka, popote penye kipaza sauti na watu waliokwisha kukaa, yeye yupo. Sikatai, ulimi anao. Shida ni kwamba hauzimi. Hata nyumbani ukimwomba chumvi anasimama kwanza, anakohoa, anaanza, "Mabibi na mabwana, bibi harusi wetu wa jikoni anahitaji chumvi." Dada yangu ameishi na kelele hizo mpaka amezoea kuacha sentensi zake njiani. Anaanza, "Nilikuwa nafikiri kwamba..." halafu anajikatiza mwenyewe kabla ya kukatizwa. Nikiona hivyo damu inanichemka.

Hayo meno sasa. Ni zamani, mtoto wao angali wa kubebwa mgongoni. Kulikuwa na kliniki moja ya vioo vitupu, picha za watu wanaocheka zimebandikwa hadi chooni. Dada alimsindikiza, ndiye aliyenisimulia. Walimpa mstari wa meno ya mfano, kuanzia rangi ya maziwa hadi rangi ya siagi, achague linaloendana na ngozi yake na uso wake. Ndivyo inavyofanywa, kila mtu na jino lake. Mnajua mwenzenu alifanya nini? Aliuchukua ule mstari akaupeleka kwenye sinki la kunawia mikono, akalinganisha. "Nataka hivi," akasema, anaonyesha sinki. Na wale watu, kwa kuwa walikuwa wafanyabiashara waliovaa makoti meupe, wakasema sawa mkuu. Wakamsaga meno yake ya mbele yote, juu na chini, meno mazima yasiyo na tundu hata moja, yakabaki vijiti. Juu ya vijiti wakamvalisha makofia ya kauri.

Haya, umeshapata sinki lako mdomoni, si ulitunze? Wee! Akaingiwa na hofu kwamba mswaki utayakwaruza. Hakuna aliyemwambia hivyo, alijiambia mwenyewe, na akijiambia jambo huwa anajiamini sana. Mswaki akautupa. Akawa anayafuta asubuhi na jioni kwa kile kitambaa laini cha kufutia miwani. Anakikunja kidoleni, anapuliza "haa" kwenye kioo, anapangusa jino moja moja kwa mbele, basi. Nyuma hakifiki, kwenye fizi hakifiki, katikati ya jino na jino ndiyo usiseme. Mtu mzima, ana ndevu, anafuta meno kama anafuta lenzi.

Matokeo yake ni harufu. Sitaki kuielezea, kuna watu wanakula. Nitasema tu kwamba DJ anayefanya naye kazi amejinunulia sponji yake ya kipaza sauti, anaitunza kwenye mfuko wa nailoni, na kila Vigae akimaliza kuongea jamaa anabadilisha haraka haraka akijifanya anarekebisha waya. Watu wakizungumza na shemeji wanarudi nyuma hatua. Yeye anadhani wanamheshimu! Aliwahi kuniambia, "Unaona shemeji, mtu ukiwa na hadhi watu wanakupa nafasi." Nikauma ulimi kwa ajili ya dada yangu.

Wakati huo wote dada alikuwa na daktari wake wa meno, mama mmoja mnene asiye na haraka, ghorofani juu ya duka la rangi. Alinipeleka na mimi. Yule mama hakutazami meno kama bidhaa. Anakuuliza unalalaje, unatafuna upande gani, unapiga mswaki ukiwa umekasirika au umetulia. Kwa dada aligundua kwamba anasaga meno usingizini, akamtengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa akilala. Nami nikajua ni kwa nini anayasaga, lakini sikuulizwa. Kwangu akaona fizi zinatoka damu. "Wewe unasugua kama sufuria iliyoungua," akasema. "Tafuta mswaki laini, na hasira zako ziache nje ya bafu." Halafu akanitoa ugaga, ile kokoto inayoganda kwenye shina la jino, kwa kile kidude kinachopiga mluzi na kurusha maji. Nilitoka pale ulimi wangu haukomi kuyapapasa meno, yamekuwa laini ajabu.

Vigae akalifanya hilo kuwa kichekesho chake. Kwenye harusi za watu, kwenye kipaza sauti! "Mke wangu na shemeji yangu wanaenda kukwanguliwa. Nawaambia ugaga ndio saruji ya meno, ukiitoa nyumba inaporomoka!" Ukumbi mzima unacheka. Dada naye, amekaa meza ya nyuma, anacheka kwa kufunga mdomo.

Yote hayo ningeyameza. Mdomo ni wake, na uoze. Kilichonipandisha roho ni pale alipomgeukia mtoto.

Mpwa wangu ni binti yao wa pekee. Anafundisha chekechea, ni mpole kama mama yake, na meno yake ni mazima yote. Ila jino moja la mbele limempanda mwenzake kidogo, limegeuka kama mtu anayechungulia dirishani. Akicheka ndilo unaloliona kwanza, na watoto wake wa chekechea wanalipenda mpaka wanaomba kuligusa. Binti akapata mchumba, harusi ikapangwa, na baba mtu akasimama mezani na uma mkononi akatangaza: "Siku ya harusi yangu sitaki picha zenye kasoro. Binti atavaa meno kama ya baba yake."

Harusi yangu! Mmemsikia?

Binti akasema, "Lakini Baba, mimi..."

"Usinishukuru sasa," akamkata. "Utanishukuru ukiziona picha."

Dada akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nikamwambia wazi, "Shemeji, meno ya huyu mtoto yakishasagwa hayaoti tena. Yeye si mbuga kwamba nyasi zitarudi." Akanitazama kwa huruma, yeye Vigae akanihurumia mimi, akasema wasusi tunajua ya nje ya kichwa.

Usiku binti akanipigia simu analia. Nikamuuliza, "Unataka au hutaki?" Akasema hataki. "Basi mwambie." Akauliza, "Mama mdogo, umewahi kumwona mtu akimwambia Baba kitu?"

Ile kliniki ya vioo ilikuwa imekwisha fungwa, pale sasa wanauza simu. Kwa hiyo bwana mkubwa ikambidi apande ngazi za duka la rangi, kwa daktari yuleyule wa kukwangua. Tukaenda wote wanne. Mimi sikualikwa, nilijialika. Mapokezi palikuwa na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wameshika mashavu, na mmoja akamtambua. "Aa, mkuu wa sherehe!" Shemeji akawachanulia wote. Waliokaa karibu wakageuza nyuso.

Ndani, daktari akamkalisha binti kwenye kiti, akamwinamia, akamuuliza yeye, "Tukusaidie nini, mwanangu?"

Baba mtu akajibu. "Huyu tunamsaga mbele kote, juu na chini. Rangi kama yangu."

"Nimemuuliza mwenye meno," daktari akasema.

Binti akayatazama magoti yake. Mikono ameikunja kwenye kanga ya karatasi waliyomfunga shingoni, anaichanachana. Nikaona kabisa anakwenda kukubali. Nikaona jino lile linakwenda kusagwa mbele ya macho yangu na hakuna mtu atakayesema kitu.

"Daktari haelewi," Vigae akasema. "Ngoja nimwonyeshe mfano. Shuka, binti." Akamshusha mtoto, akapanda yeye na viatu vyake, akajilaza, akachanua. "Tazama kazi hiyo!"

Daktari akavaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza. Wallahi nilitaka kupiga vigelegele. Akawasha taa, akachukua kioo kidogo na kile chuma chembamba chenye ncha, akagusa fizi. Damu ikachuruzika. Akagusa tena. "Hapa panauma?" Vigae akasema hapaumi, huku machozi yanamtoka. "Unayapigaje mswaki haya?"

Hapo, na niseme kweli, alipata aibu kidogo. "Nayafuta," akasema. "Kwa kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha miwani."

Daktari hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka. Daktari akashika makofia mawili ya mbele kwa vidole viwili na kipande cha pamba, wala hakuvuta, aliyagusa tu kuona kama yanacheza. Yakamjia mkononi. Hivi hivi. Yalikuwa yameshikiliwa na uchafu tupu, chini yake kumeoza. Mle mdomoni vikabaki vijiti viwili, vyembamba, rangi ya kahawa, kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa.

Binti akasogea akaangalia. Alikuwa hajawahi kuona kilicho chini ya lile sinki. Akaweka mkono kwenye mdomo wake mwenyewe.

Na yule mtu, mnadhani alijifunza kitu? Amelala pale, damu kidevuni, anaongea kwa kuvujisha hewa, akamwambia mwanawe, "Yako yatashika vizuri zaidi. Wewe una meno mazuri ya kusaga."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimtukane tusi ambalo lingenitoa kwenye ukoo. Lakini binti akanitangulia. Aliuliza polepole, "Baba alikuwa na meno mabaya kabla?"

Akawa anamtazama mama yake. Na dada yangu, yule anayeacha sentensi njiani, akaimaliza.

"Alikuwa na meno mazuri kuliko yote niliyopata kuyaona. La mbele lilikuwa limempanda mwenzake kidogo, kama hilo lako. Nilimkubali kwa sababu ya jino lile."

Mashine ya kunyonya mate ikawa inakoroma. Vigae akajiinua kwenye kiti.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," dada akasema. "Siku ile ile, pale pale kliniki. Ulikuwa unalinganisha na sinki."

Binti akazunguka kiti, akasimama mbele ya daktari, na sauti yake ilikuwa inatetemeka ila ilitoka yote. "Mimi nisafishe tu. Hili jino lisiguswe. Ni la Baba."

Daktari akasema sawa, akamgeukia Vigae, akamweleza kwa utulivu: fizi zitibiwe kwanza, makofia mengine nayo yatatolewa, itachukua muda mrefu, na harusini atakwenda hivyo hivyo. Akamuuliza kama ana swali. Shemeji yangu, mtu wa vipaza sauti, akatikisa kichwa.

Akatoka kupitia mapokezi, mimi na dada nyuma yake. Yule jamaa wa mwanzo akaita, "Mkuu, tusalimie basi!" Vigae akapita ameubana mdomo kama mtoto aliyekatazwa peremende. Nimesubiri miaka mingi kumwona amefunga domo, na nilipomwona nilifurahi mpaka kisogoni. Asiyependa na anisute.

Furaha yangu haikufika mlangoni. Dada akaninyooshea mkoba nimshikie, akamkimbilia mumewe. Akamkuta kwenye ngazi, mbele za watu, mbele ya ile harufu, akamgeuza uso kwa mikono miwili akamwambia, "Hebu fungua nione." Shemeji akakataa, akageuza shingo ukutani, mabega yanamtikisika. Dada akangoja. Akaendelea kumshika hapo hapo mpaka alipofungua, akachungulia vile vijiti kama anayetafuta kitu alichokipoteza siku nyingi, na sikumwona akirudi nyuma hata hatua. Mimi nilibaki mlangoni na mikoba miwili, nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.