Mfuniko na Mawifi Wawili

Miaka ishirini sasa Mama Zege anamimina mifuniko ya zege ya vyoo vya shimo uani kwake. Siku hiyo mwalimu mkuu alihitaji kumi na miwili ya shule, lakini wembamba wa mifuniko hiyo ulimtia shaka.

"Watoto watatumbukia, mama. Bora niende kwingine."

 Mama Zege aliulaza mmoja juu ya matofali mawili, akapanda, akawaita wifi zake wawili wenye miili iliyoshiba.

"Ukivunjika, wifi, usisingizie makalio yangu," alisema mmoja.

"Makalio yako nimeyapigia hesabu. Rukeni."

Wakaruka wote watatu. Mwalimu akainama kutafuta ufa, akaukosa.

"Ndani mna nondo, na nimeumwagilia maji siku saba mpaka ukakomaa," alisema Mama Zege. "Sasa panda wewe."

Mwalimu akavua viatu, akapanda, akaagiza yote kumi na miwili akiwa huko huko juu.