Nchi, Miti, Kiti

Mwaka 1993 watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa kutoka Kolwezi, mji wa Katanga. Familia zao zililala kituoni zikingoja treni, na Huguette Ngoy, mwalimu wa Kiswahili, alibaki na nusu ya darasa. Yeye kwao ni Kongolo, kaskazini mwa Katanga, hivyo hakuguswa.

Asubuhi moja Stany, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikuja na vijana wenye marungu, akamtoa nje hadi uani pamoja na darasa lote. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa makaa:

Sisi tulichimba nchi,
sisi tulipanda miti,
sisi tumenyimwa kiti.

"Mama mwalimu, nani aliandika hii? We njo unajua mashairi, hapana mwingine."

Huguette alihesabu mizani kwa vidole. Nane kila mstari. "Sisi" ilirudi mara tatu, kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Alipofika kwenye vina, akavirudia. Chi, ti, ti. Mtu anayepima mizani hivi hawezi kukosea kina. Na kwa mtunzi halikuwa kosa, kwa sababu Wakasai wengi husema "michi" na "kichi".

Mtunzi alikuwa Elise, mwanafunzi wake. Msichana huyo alitumia jina la ukoo wa mama yake. Kwamba marehemu baba yake alitoka Kasai, Huguette peke yake ndiye aliyejua. Sasa Elise alisimama nyuma ya mwalimu, ameshika sketi ya mwenzake.

"Vina vimevunjika," Huguette alisema. "Ni mwanafunzi mvivu tu."

"Apana, mama. Mulitufundisha: kina ikivunjika, musome na kinywa ya mutunzi." Stany aligeukia darasa. "Batoto bote basome. Moja moja."

Wa kwanza akasoma. Wa pili akasoma. Wa tatu angekuwa Elise.

"Muache batoto. Niliandika mi."

Vijana wakaangua kicheko. "We, mama? We ulitupiga fimbo juu ya kina moja!"

Huguette akaukabili ukuta, akasoma kama alivyomsikia Elise akisoma siku zote: nchi, michi, kichi. Vina vikakaa.

Kicheko kikakatika.

"Mama yangu alikuwa mutu wa Kasai," alidanganya.

Stany hakumtazama. "Basi uende ku gare, mama, upande treni. Leo."

Huguette aliteremkia Mwene-Ditu, mji wa Kasai, asijue hata neno moja la Tshiluba, lugha ya huko, la kuombea maji.