Ng'ombe wa Watu

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilirudi likizo Karatu nikiwa nimejaa falsafa. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kutilia shaka kila kitu, hata kiti nilichokalia, na niliifanya kazi hiyo kwa raha. Kiti hakina pembe.

Siku chache kabla, mama alikuwa ameletewa ng'ombe mweusi na kaka yake anayeishi Ganako. Kwetu ndivyo tunavyowekeana mifugo: wewe unamlisha na kunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Kumpoteza ni aibu ya ukoo mzima. Jioni moja ng'ombe huyo hakurudi.

Tulimfuata hadi ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Ukungu ukateremka, nikawa simwoni mama vizuri ingawa nilisikia kandambili zake. Kisha, katikati ya vichaka, mwili mweusi. Umesimama, unapumua.

"Yule pale," mama akasema, akikunjua kamba.

"Una hakika?"

"Haya! Huko Dar mnafundishwa kumwuliza ng'ombe kama ni ng'ombe?"

"Mama, huyu hata hatujamzoea."

"Angekuwa wa porini si angekimbia, baba?"

Nyati hakimbii. Nililijua hilo tangu utoto, ila bado nilikuwa napima hoja kana kwamba kuna mtu atanipa maksi. Mama alikwisha kwenda mbele, akiita kwa ile sauti laini ya kukamulia.

Upepo ukaupasua ukungu. Nikaona pembe zimekutana juu ya paji, kama nywele zilizogawanywa katikati kwa kitana. Sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote kama nilivyokuwa nayo pale. Kisha ukungu ukajifunga tena.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Nilimrukia mama, nikamvuta kwa kitenge, tukarudi kinyumenyume.

"Bado yupo?" alinong'ona.

"Sijui."

"Anatufuata?"

"Mama, sijui."

Kila kichaka kilikuwa na pumzi. Nilitamani kumwona tena yule mnyama, walau nijue yuko upande gani.

Tulipokanyaga mabua ya mahindi ya jirani, mama alisimama.

"Yule alikuwa nyati," akasema. "Sasa wetu je?"

Akageuka kuutazama msitu, kamba mkononi. Sikumwachia kitenge.