Chokaa ya Thanasi

Asubuhi na mapema Polixeni Vretou anafungua lango la ngome ya Paliokastro, anaiweka ndoo ya chokaa kivulini, kisha anasimama mbele ya kikanisa cha Mama wa Mungu akiwa ameshika brashi kavu. Sikukuu yake ya Agosti imekaribia. Miaka mingine, wakati kama huu angekuwa amerukiwa na chokaa hadi kwenye nyusi.

"Nimekatazwa kupaka, sikukatazwa kuja," anasema. "Basi nimekuja. Nifanye nini sasa, wala sijui."

Polixeni ndiye mtunza ngome. Anafyeka nyasi, anakata tiketi na kufukuza mbuzi wa shemeji yake, yote kwa mshahara wa euro mia nane kwa mwezi. Mgeni akiuliza ngome ni ya nani, mama huyu hukuna kichwa kwanza. Mawe ya chini ni ya Wagiriki wa kale, ukuta wa mbele ni wa Waveneti, birika la maji ni la Waturuki.

"Kila aliyekuja alijenga juu ya mwenzake," anasema. "Nachanganyikiwa, na ndiyo kazi ninayolipwa."

Mwezi wa nne mambo yalizidi kuvurugika. Danai Roupa, fundi wa mambo ya kale, alikwangua kipande cha ukuta wa kikanisa. Chini ya chokaa akakuta maandishi ya Waturuki, chini yake picha ya mtakatifu, na chini kabisa jiwe la hekalu la mungu wa kike.

"Maisha yangu yote nimesali nikiutazama ukuta huo," anasema Polixeni. "Sala zangu zilikuwa zinapokelewa na nani?"

Ofisi ya mambo ya kale ikakataza kupaka tena, ikaamua chokaa yote ikwanguliwe baada ya sikukuu. Padri wa kijiji, Papa Stathi, akaja juu.

"Mama wa Mungu apokewe na ukuta uliochubuka? Paka, Polixeni! Mimi nitajibu."

"Ukipaka, mama Polixeni, utanirudisha mwanzo," Danai naye akamsihi.

Fahali wawili zizi moja. Polixeni aliwaitikia wote wawili, akaenda kulia nyuma ya birika.

Kilichomliza si padri wala ofisi. Kila Agosti alipaka ukuta huo pamoja na mumewe, Thanasi, hadi moyo wa mumewe uliposimama.

"Kazi ya Waturuki inaitwa historia," anasema. "Ya mume wangu inaitwa uchafu."

Danai alipoyasikia hayo, alimweleza desturi ya mafundi: huacha kipande kidogo bila kukigusa, kionyeshe ukuta ulivyokuwa, wanakiita shahidi. "Chagua wewe, mama, nikiache wapi. Ukubwa wa kiganja tu."

Ndiyo maana leo anazunguka ukuta akiupapasa. Huku alipaka yeye, au Thanasi? Thanasi alipenda kupaka kivulini, lakini kivuli nacho hakitulii. Tena tangu afiwe amepaka peke yake mara kadhaa, juu ya kila alipopaka marehemu.

"Nimemfunika kwa mkono wangu mwenyewe," anasema.

Papa Stathi anaingia amebeba viti vya sikukuu, anaangalia juu ya mlango na kucheka.

"Hee, Polixeni! Pale juu mbona pamekuwa kijivu? Tangu tumzike Thanasi hapajaona brashi. Kwa ufupi wako huo, hata zabibu unachumiwa!"

Polixeni anausogelea mlango. Anatazama juu.

"Baba padri," anasema taratibu, "pale sijawahi kufika. Alikuwa anapaka yeye."

Papa Stathi anaviweka viti chini. Hacheki tena.

Polixeni anasema atamwonyesha Danai mahali hapo leo hii, pawe shahidi, ila ana ombi moja.

"Siku wakileta ngazi, wanipandishe mimi kwanza. Nataka nipashike, kabla hawajaanza kukwangua. Miaka yote hii sijapashika."