Kijana wa Kwenye Tamthilia ya Mama

Haika alikutana na Efraín kituo cha basi Wembley, kijana akiwa ametapakaa damu shingoni. Haika ni nesi. Alimshika bega kabla hata ya kumsalimia. Efraín akacheka. Damu ilikuwa ya bandia: alikuwa ametoka kurekodi filamu, na kazi yake ilikuwa kulala chini kama maiti. Alikuwa ametoka Meksiko kuja London kutafuta uigizaji, na mpaka siku hiyo alikuwa hajapewa hata neno moja la kusema.

Wakaishi pamoja miaka mitatu katika chumba cha Haika. Efraín akiitwa kwenye usaili, Haika ndiye aliyemrekodi kwa simu huku akimsomea maneno ya mwigizaji mwenzake. Akawa hakimu, mama mzazi, mke aliyeachwa, na Efraín alimtazama akalia machozi ya kweli. Nafasi alizopata zilikuwa ndogo ndogo: muuza dawa za kulevya, mpishi, muuza dawa za kulevya tena. Nyumbani Moshi, Haika hakumwambia mtu. Mama yake alitaka mkwe Mchagga, tena Mlutheri. Haika akaona angoje Efraín apate jina kidogo, ndipo aseme.

Jina likapatikana Meksiko. Rekodi waliyoifanyia jikoni ilimpa nafasi kubwa kwenye tamthilia, akaondoka akisema atarudi baada ya miezi sita. Mwanzoni alipiga simu kila siku, baadaye akawa wa kupigiwa tu. Mwisho akamwambia kwa upole, "Haika, sirudi. Usinisubiri."

"Sawa," Haika alisema, akavaa sare akaenda zamu.

Mwaka uliofuata mama yake akampigia, amechangamka. Kulikuwa na tamthilia mpya ya Kimeksiko, imetiwa sauti za Kiswahili.

"Kuna kijana humo anaitwa Rodrigo. Anavyomtazama mkewe! Mungu angekupa na wewe wa namna hiyo, mwanangu."

Haika alilijua jina hilo. Maneno ya mke wa Rodrigo aliyasoma yeye, jikoni kwake.

Tangu hapo kila simu ilikuwa Rodrigo: amefungwa, ametoka, amemrudia mkewe. Haika alisikiliza tu, mpaka Jumapili moja mama akauliza, "Mbona kimya?"

"Mama, huyo Rodrigo nimeishi naye. Hapa hapa, miaka mitatu. Nilidhani atanioa."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mwanamume akiomba msamaha kwa Kiswahili safi. Kisha ikakatika.

"Nimeizima televisheni," mama alisema. "Umekuwa ukilia peke yako muda wote huu?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaniacha niongee."

Mama hakuitazama tena tamthilia ile. Majirani walipokuja kumsimulia, aliwakatisha. Haika alimsihi aiangalie tu, kwamba ule ni mchezo, wala hakuna ubaya. Mama akakataa. Haika akakata simu, akakaa kitandani akilia upya, kwa kuwa sasa walioumia walikuwa wawili.