Mahubiri ya Petro Kwenye Msiba wa Bibi

Babu yangu Anselmi ni fundi wa kushona kanzu hapa Ng'ambo. Wateja wake Waislamu, yeye Mkristo, na mtaani wote wanamwita Fundi tu. Kanisani ni msomaji. Padri akisafiri, huhubiri yeye, na akishasimama kuhubiri sauti inakuwa ya mtu mwengine kabisa.

Bibi Veronika alipofariki, padri alikuwa bara. Jirani walitushika mkono. Bi Nasima alihamia uani kwetu na masufuria yake, akapika. Mumewe, Bwana Muhiddin, akawasimamia vijana kuchimba kaburi. Wakati wa ibada walikaa nje kwenye mikeka, kimya, kwa heshima, wengine wamevaa kanzu alizozishona babu.

Babu akasimama mlangoni kwetu. Akahubiri yale ya Petro kwa Wayahudi, siku ya Pentekoste: Yesu mliyemuua nyinyi, Mungu amemfufua. Angeyasema tu yangepita. Lakini kila akifika "nyinyi" alinyoosha kidole, kikaelekea mikekani.

Nilimwona Bi Nasima kashika mwiko, hakorogi. Nikatazama chini.

Jeneza walilibeba hao hao. Njiani Bwana Muhiddin akamwambia mwenzake, "Mie nimezaliwa hapa Kikwajuni. Dar kwenyewe nimekwenda mara moja, kung'oa jino. Huko Yerusalemu nimemuua nani?"

Wakacheka. Babu alikuwa nyuma yao, amesikia.

Jioni hakula.

"Petro alikuwa Myahudi, anasema na Wayahudi wenzake," akaniambia. "Aliwaita ndugu. Na mwenyewe alishamkana Yesu, alijua naye ana kosa. Mimi nimewanyooshea kidole watu waliokuja kunizikia mke."

"Si uende ukawaambie, babu?"

"Naona haya, mjukuu wangu."

Lakini siku ya kuanua matanga ilikuwa inakuja, jirani wote wanakula pamoja ndipo msiba unakwisha. Asiyekuja, kila mtu anajua umemkosea nini. Asubuhi ya siku hiyo babu akavaa viatu, nikamfuata hadi kwa Bwana Muhiddin.

"Fundi!" Bwana Muhiddin alisema alipotuona. "Umekuja kunimalizia mahubiri yaliyobaki?"

"Nimekuja kuomba radhi. Yale maneno hayakuwahusu nyinyi."

"Ulikuwa na machungu, bwana. Nnakuja leo, usihofu."

Bi Nasima alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Babu akamwita, akamwomba radhi na yeye.

"Nshakusamehe, Fundi. Veronika alikuwa dadangu. Lakini uani kwako leo siji. Nilikuwa napika, nikasikia naambiwa nimeua. Nipe siku."

Babu akasema, "Haya, Bi Nasima."

Watu wakaja, wakala. Walipomtaka babu aseme neno, alitikisa kichwa. Akapakua sahani ya wali, akaifunika, akaipeleka mwenyewe kwa Bi Nasima. Mkono ukatoka nyuma ya pazia, ukaipokea.

"Ahsante, Fundi."

Babu alisimama pale kidogo. Pazia halikufunguliwa, akarudi.