Sanduku Lisilopitisha Hewa

Vibana vyote sita vilikuwa wazi. Hapakuwa na kufuli wala gundi. Wanaume wawili tulivuta mfuniko mpaka mishipa ya shingo ikatutoka, na sanduku nililolitengeneza kwa mikono yangu likagoma kufunguka.

Nawasimulia mwenyewe, maana waliosimulia hapa mjini Tucson wameongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa vipimo, nimestaafu. Klabuni kwetu tunasaga vioo vya darubini kwa mkono, na kila mwenye kioo hujitengenezea sanduku la kukisafirishia. Mengi ni aibu. Mtu anasaga kioo mwaka mzima kwa usahihi ambao jicho haliuoni, halafu anakitupia kwenye katoni ya ndizi.

Bingwa wa aibu hiyo ni Odell Trask, fundi bomba. Alichukua deli la kupozea bia, akalitandika mfarishi wa bibi yake, basi, kazi imekwisha.

"Odell, hilo bado linanuka bia."

"Kioo hakina pua, Profesa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ujinga ukichekewa hudhani umeshinda hoja.

Mwezi wa kumi Lorene Pruitt akataka kupandisha mlimani kioo cha marehemu mumewe, Virgil. Virgil alikisaga miezi kumi na minne, akakimaliza, akafa kabla hajakitazamia hata nyota moja. Hakuacha kingine. Lorene alitaka aione sayari ya Zohali kwa kioo kile, kisha amkabidhi mjukuu wao.

Nikaweka sanduku langu mezani. Plaiwudi ya milimita kumi na mbili. Sponji lililokatwa kwa kosa lisilozidi nusu milimita. Mpira umezunguka mdomo wote.

Odell akaligonga kwa kidole. "Hili sanduku au jeneza?"

"Ni kitu usichokijua. Kazi iliyopimwa."

Lorene alichagua langu. Nilimtazama Odell akirudisha deli lake kwenye pikapu, na nakiri nilifurahi.

Tucson iko kama mita mia saba juu ya bahari. Kambi yetu ya mlimani ni elfu mbili na mia sita. Tulipofika nikafungua vibana, na sanduku likatoa pumzi. Fyuuu.

"Mmesikia?" niliwaambia. "Hata hewa haipiti."

Lorene ana miaka sabini na tisa. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mpira.

"Na likishuka, mwanangu, litavutia wapi pumzi?"

"Mama, sanduku halina mapafu."

"Mjibu vizuri," Odell alisema. "Kauliza swali."

"Nimemjibu kwa kiwango cha swali lake."

Jibu hilo niliona limekaa sawasawa. Lorene akaondoa kidole chake kwenye mpira.

Zohali aliiona, akalia kidogo, tukalala. Asubuhi nilikuwa nakunja darubini, naye akasema atakipakia kioo mwenyewe. Nilikuta duara limekaa mahali pake, limefunikwa kitambaa. Nikabana vibana sita, nikashuka.

Saa sita mchana tulikuwa kwenye karakana ya klabu. Mjukuu wa Lorene, mwalimu wa fizikia, alikuwa amekuja kuchukua urithi wake.

Ndipo sanduku likagoma.

Nilipoliangalia vizuri, mfuniko ulikuwa umebonyea katikati kama sahani. Hapo nikajua. Nilikuwa nimefungia hewa nyepesi ya mlimani. Hewa nzito ya bondeni haikuwa na pa kuingilia. Nikapiga hesabu kichwani: zaidi ya kilo mia mbili zilikuwa zimeukalia ule mfuniko. Na chini yake, katikati, kulikuwa na ncha ya bolti ya mpini, niliyoifunika kwa sponji nikaona inatosha.

"Leteni drili."

Odell akatoboa. Sanduku likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Mfuniko ukainuka kwa kidole kimoja.

Nikaondoa kitambaa. Glasi ilikuwa vipande vitatu. Nyufa zote zilianzia pale ncha ilipogusa.

Nikamgeukia Lorene. "Mama, nimekiua kioo cha Virgil."

"Hicho si kioo. Hiyo ni glasi ya chini aliyosagia. Ilikuwa garini kwangu tangu msiba."

Kila kioo husagwa juu ya glasi pacha, ambayo kazi ikiisha huwa haina maana tena. Kwa ukubwa na uzito huwezi kuzitofautisha ukiwa na haraka.

"Kioo kiko wapi?"

Odell alikuwa ameshaenda kwenye pikapu. Akalifungua deli, akakunjua mfarishi. Kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Nimefunga matunda ya pichi ya moto kwenye chupa miaka arobaini," Lorene alisema. "Yakipoa, hewa ya ndani hupungua na kifuniko hugoma; najua hushikwa na nini. Nilikuuliza kwa heshima, ukanijibu vile. Sikuona sababu ya kuuliza mara ya pili."

"Ungeniambia wazi."

"Ungenisikia?"

Mjukuu wake alitazama pembeni. Odell akakifunika tena kioo kwa mfarishi, bila utani.

Bado nasema deli lile ni kazi ya hovyo, na nina vipimo vya kuthibitisha. Ila nimepima vitu miaka thelathini na mmoja, na siku ile niliulizwa swali sahihi nikampima aliyeuliza. Swali lenyewe sikuligusa.